Dubu wa Kuchezea na Mwambao wa Nyasa

Katika Ulaya, Amerika na Japani imeenea desturi ya kumsafirisha dubu wa kuchezea, yaani mdoli wa manyoya aliyejazwa pamba ambaye watoto wadogo hulala naye, kutoka nchi moja hadi nyingine, akapigwa picha mbele ya tembo wa Serengeti na baadaye mbele ya majengo mashuhuri ya Paris au London, huku anayemchukua akiandika daftari la safari kwa niaba yake. Desturi hii hupuuzwa kwa kuwa inahusu vitu vya watoto, lakini dubu huyo ana historia iliyopita katika ardhi ya Afrika Mashariki, na njia anazopitishwa, pamoja na zile asizopitishwa, zinaeleza mengi kuhusu namna nchi za eneo hilo zinavyotazamwa na wageni na namna wenyeji wanavyojieleza kwao. Mazungumzo haya yanamtazama akiwa katika mahali ambapo watalii wake hawafiki kwa urahisi, yaani Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa nchini Tanzania, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mkoani Ruvuma mwaka 2012.

Inafaa kueleza kwanza kwamba dubu si mnyama wa huku. Kusini mwa jangwa la Sahara hakuna dubu wa porini, na wale waliokuwa wakiishi katika milima ya Atlas, huko Afrika ya Kaskazini, walitoweka katika karne ya 19. Ukweli huu haukufahamika kwa kila mtu, kwani mwandishi Mwingereza Michael Bond, alipokuwa akitunga kisa cha dubu msafiri aitwaye Paddington, kilichochapishwa mwaka 1958, alikusudia kumtoa Afrika, hadi wakala wake alipomjulisha kwamba Afrika haina dubu, naye akamhamishia Peru. Kosa hilo lilirekebishwa mapema, lakini linaonyesha kwamba katika fikra za wasomaji wengi wa mbali Afrika ilikuwa pahali panapoweza kutoa kiumbe chochote, bila mtu kuona haja ya kuuliza.

Jina la dubu wa kuchezea, ambalo kwa Kiingereza ni Teddy, linatokana na Theodore Roosevelt, rais wa Marekani kuanzia mwaka 1901 hadi 1909. Mwezi Novemba 1902 Roosevelt alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi, akiongozwa na Holt Collier, mwindaji Mwafrika-Mmarekani aliyezaliwa utumwani na ambaye ustadi wake wa kufuatilia dubu ulisifika kote huko. Collier alimpata dubu, akamfunga kwenye mti ili rais ampige risasi, lakini Roosevelt alikataa kumpiga mnyama aliyefungwa, akasema si uungwana wa mwindaji, kisha akaagiza mnyama huyo, aliyekuwa amejeruhiwa, amalizwe kwa kisu. Mchoraji wa vibonzo Clifford Berryman alichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post, na muda mfupi baadaye Morris Michtom na mkewe Rose, wahamiaji kutoka Urusi waliokuwa na duka Brooklyn, wakashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la rais. Karibu wakati huohuo, huko Giengen nchini Ujerumani, kiwanda cha Margarete Steiff, mwanamke aliyepooza miguu tangu utotoni, kilitengeneza dubu wa manyoya mwenye viungo vinavyozunguka, akapelekwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1903 na kupata wanunuzi kutoka Marekani. Hivyo dubu wa kuchezea alivuka bahari tangu mwaka wake wa kwanza, na jambo la kukumbukwa ni kwamba katika masimulizi yake ya kawaida rais hutajwa daima, ilhali Collier, aliyefanya kazi yote ya msituni, hutajwa kwa nadra.

Mtu aliyempa dubu jina lake alifika Afrika Mashariki miaka saba baada ya uwindaji ule wa Mississippi. Roosevelt, akiwa amemaliza urais, alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa taasisi ya Smithsonian ya Washington, akapanda gari moshi kuelekea bara, akazunguka Kenya ya leo kwa miezi mingi, akaingia Uganda, akateremka na Mto Nile hadi Khartoum, alikofika mwezi Machi 1910. Safari hiyo ilibebwa na wapagazi zaidi ya 200, na wanyama pamoja na wadudu waliokusanywa kwa ajili ya makumbusho walizidi 11,000, miongoni mwao wanyama wakubwa 512 waliopigwa na Roosevelt na mwanawe peke yao. Baada ya Khartoum msafiri huyo aligeuka mtalii wa miji: alipita Cairo na Roma, akahutubia katika Chuo Kikuu cha Sorbonne mjini Paris mwezi Aprili, akatoa hotuba ya Tuzo ya Nobel ya Amani huko Norwe mwezi Mei, kisha akahudhuria mazishi ya Mfalme Edward wa Saba mjini London. Ni vigumu kuyapatanisha mambo hayo mawili, yaani sifa ya kumhurumia dubu mmoja aliyefungwa na orodha ndefu ya faru, simba na tembo waliouawa, hata kama nia iliyotajwa ilikuwa elimu. Na msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuyasoma yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa historia ya mwanasesere huyo haikamiliki bila mbuga za huku.

Njia hiyo ya kuanza na wanyama porini na kumalizia mijini ndiyo ambayo dubu wa kuchezea bado hupitishwa. Badiliko kubwa lililotokea, nalo ni la kushangiliwa, ni kwamba katika njia hiyo bunduki imewekwa chini na kamera imechukua nafasi yake, kwa hiyo simba anayepigwa picha na mdoli leo atapigwa picha na mdoli mwingine kesho. Lakini ramani imebaki nyembamba. Dubu anayeletwa Tanzania huonyeshwa Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar, kwa sababu huko ndiko kuliko viwanja vya ndege, hoteli na magari ya watalii, na akirudi kwao daftari lake huwaambia watoto kwamba ameiona Tanzania. Watu wanaotokea katika madaftari hayo mara nyingi ni dereva, mpishi wa kambi na mcheza ngoma wa jioni. Mkulima hayumo, mvuvi hayumo, na mtoto wa shule wa rika la yule aliyemtuma dubu hayumo vilevile.

Hata hivyo desturi yenyewe ina thamani ambayo haifai kubezwa. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Ontario nchini Kanada alianzisha mpango wa shule uliotokana na kitabu cha mwaka 1964 cha Jeff Brown kuhusu mvulana bapa anayeweza kusafirishwa ndani ya bahasha. Wanafunzi walichora kijana wa karatasi, wakampeleka kwa posta kwa wanafunzi wa mahali pengine, nao wenyeji wakamrudisha pamoja na barua inayoeleza alichokiona. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi kwa sababu ulimpa mtoto sababu ya kweli ya kuandika, yaani kuwa na mtu anayesubiri kusoma. Huko Tokyo kuna wakala wa safari aliyeanza mwaka 2010 kuitembeza midoli ya watu kwa malipo, na miongoni mwa wateja wake wamo wagonjwa na watu wasioweza kutoka nyumbani, ambao hupata faraja kuona kitu chao kikifika mahali ambapo miguu yao haiwezi kufika. Anayeyafahamu maisha ya mgonjwa wa muda mrefu hataiona huduma hiyo kuwa upuuzi.

Mdoli anayeingia katika nyumba za watu huingia pia katika imani na hisia zao, na mfano mzito wa jambo hilo ulitokea Khartoum, mji uleule alikomalizia safari Roosevelt. Mwaka 2007 mwalimu Mwingereza wa shule ya msingi alimtumia dubu wa kuchezea kufundishia. Kila mtoto alikuwa akimchukua nyumbani mwishoni mwa juma na kuandika katika daftari mambo waliyoyafanya pamoja, na darasa lilipoulizwa limwite nani, watoto walichagua jina Muhammad, jina linalobebwa na wavulana wengi, lakini ambalo kwa Waislamu ni kwanza la Mtume. Mwalimu alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha siku 15, kisha akasamehewa na rais wa nchi na kurejea kwao. Adhabu ile ilikuwa kubwa kupita kosa, na watu wengi, Waislamu wakiwemo, walisema hivyo. Hata hivyo kisa hicho kinafundisha kwamba anayeleta mdoli katika jamii isiyo yake anapaswa kuuliza wazazi na wazee kabla ya kumpa jina na kabla ya kumpeleka kwenye milango ya watu.

Kuna mapokeo mengine ya safari ambayo wasemaji wa Kiswahili hawana budi kuyakumbuka katika suala hili, kwa kuwa yanaonyesha kwamba kalamu haikuwa mikononi mwa wageni peke yao. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, ulio na masimulizi ya wasafiri waliosema kwa lugha yao wenyewe. Mmoja wao, Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Komoro aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja aitwaye Bumiller, aliwahi kufika Ziwa Nyasa mwanzoni mwa miaka ya 1890 pamoja na msafara uliopeleka huko meli iitwayo Hermann von Wissmann, na mwaka 1896 akafuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia, nchi ya baridi kali na dubu wa kweli. Yeye aliitazama nchi ya Wazungu kwa jicho la Mswahili, akaeleza kwa wasikilizaji wake vyakula, mavazi, nyumba na tabia za watu aliowakuta, na kwa kufanya hivyo aliigeuza desturi ya kawaida ya vitabu vya safari. Ni hasara kwamba masimulizi hayo hayasomwi sana katika shule za mwambao uleule wa ziwa alioutembelea.

Meli iliyotajwa hapo juu ina uhusiano wa moja kwa moja na ufuko wa Ruvuma. Liuli, iliyo kaskazini mwa Mbamba Bay na yenye jiwe mashuhuri la Pomonda, iliitwa na Wajerumani Sphinxhafen, maana yake bandari ya Sphinx, kwa sababu miamba yake iliwakumbusha sanamu ile kubwa ya Misri yenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitokea upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, ikaishambulia Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wa Kijerumani, ambaye alikuwa akifahamiana na mwenzake wa Kiingereza, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mapambano ya majini ya mwanzo kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na lilitokea katika ufuko ambao watoto huogelea na wanawake huosha vyombo. Liuli pia ndiko alikofariki na kuzikwa, mwaka 1928, William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi kando ya ziwa kwa miongo mingi. Mji wa namna hii ungestahili kurasa kadhaa katika daftari la dubu yeyote anayedai kuijua Afrika Mashariki.

Kuna mambo mengine ambayo mgeni huyo angeyaona kabla hata hajafika majini. Barabara kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66 na iliyowekwa lami katika miaka ya karibuni, huteremka kutoka nyanda za juu za Umatengo hadi ziwani, na njiani huonekana miteremko iliyochimbwa vishimo vingi vilivyopangwa kwa mistari. Hicho ndicho kilimo cha ngoro, ambacho Wamatengo wamekitumia kwa zaidi ya karne moja: nyasi hufyekwa na kupangwa katika miraba, udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba hufunika nyasi hizo na kuwa tuta, na mazao kama maharage na mahindi hupandwa juu ya tuta ilhali shimo la katikati hupokea maji ya mvua, yakazama taratibu badala ya kuporomosha udongo. Wamatengo walilazimika kulima katika miteremko mikali baada ya uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19 kuwasukuma milimani, na elimu waliyoibuni katika shida ile imewavuta watafiti kutoka nchi za mbali, Japani ikiwemo. Picha ya dubu kando ya shimo la ngoro, ikiwa na maelezo ya mkulima mwenyewe, ingemfundisha mtoto wa nchi ya milima namna ya kuzuia mmomonyoko, jambo ambalo picha ya simba amelala haliwezi kumfundisha.

Ziwa lenyewe ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika, na kina chake hufikia takribani mita 700. Usiku wavuvi huwasha taa juu ya maji kuwavuta usipa, dagaa wadogo wasiopatikana katika ziwa jingine lolote, ambao asubuhi huanikwa na kisha kusafirishwa hadi Songea na mbali zaidi. Katika miamba ya pwani huishi mbuna, samaki wadogo wa rangi za buluu, manjano na mistari, ambao jike hulea mayai kinywani mwake hadi yaanguliwe, na ambao, pamoja na jamaa zao wa karibu, wamegawanyika katika ziwa hili kuwa mamia ya spishi, yaani aina za viumbe zisizochanganyika katika uzazi wao wa kawaida. Samaki hao hukamatwa wakiwa hai, hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, kisha hupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani kuwekwa katika matangi ya vioo sebuleni. Wafugaji wa huko wanamjua mmoja wao kwa jina la Hongi, ambalo ni jina la kisiwa kidogo cha upande wa Tanzania. Kahawa ya Mbinga nayo huuzwa ng'ambo. Kwa hiyo mazao ya mwambao huu yamekwisha kuiona miji ya dunia muda mrefu, ila yamekwenda bila barua, na mnunuzi anayetazama samaki wake jioni hajui chochote kuhusu mtoto anayeishi juu ya mwamba alikovuliwa samaki huyo.

Barua hiyo inaweza kuandikwa, na chombo cha kuibeba kipo. Watoto wa Mbamba Bay, kama wenzao wengi wa Tanzania, hutengeneza vitu vyao vya kuchezea kwa mikono: magari ya waya yenye usukani mrefu, mitumbwi midogo ya kuchonga, midoli ya vitambaa na mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba. Gari la waya lililotoka Mbamba Bay, likafika katika darasa la Ulaya au Japani pamoja na daftari lililoandikwa kwa Kiswahili na watoto wenyewe, litakuwa mgeni mwenye habari nyingi zaidi ya dubu wa kiwandani, kwa sababu kila pindo la waya wake ni kazi ya mtoto anayejulikana na waliolituma. Njia yake si ya kubahatisha. Linaweza kwenda kwa basi hadi Songea na kuendelea Dar es Salaam, au likapelekwa kaskazini hadi Kyela kwa MV Mbeya II, meli ya abiria 200 na mizigo tani 200 iliyozinduliwa mwaka 2021. Shirika la Posta hupokea vifurushi vya nje, na mtumaji hujaza fomu ya forodha inayotaja kilichomo, uzito na thamani yake. Jambo la kuangaliwa ni kwamba nchi nyingi hukataa mbegu, nyasi kavu na mbao zenye magome kwa kuogopa wadudu waharibifu, kwa hiyo waya, kitambaa na mbao zilizosafishwa vizuri ndivyo vifaa vya salama.

Gharama ya posta ni kikwazo cha kweli kwa shule ya kijijini, na haifai kukificha. Lakini mdoli si lazima avuke bahari katika safari yake ya kwanza. Gari la waya likitoka shule ya Mbamba Bay likaenda Mbinga, ambako watoto wa wakulima wa kahawa wataliandikia habari za ngoro, kisha likaendelea hadi Songea na kufikishwa Makumbusho ya Majimaji, litakuwa limewafundisha watoto wa mkoa mmoja mambo ambayo wengi wao hawayajui kuhusu majirani zao. Vilevile Nkhata Bay ya Malawi iko ng'ambo ya ziwa, na wavuvi wa pande zote mbili wanawajua usipa kwa jina hilohilo, kwa hiyo darasa la kule lingekuwa mwenyeji wa karibu kuliko darasa la Ulaya. Kinachotakiwa ni daftari moja gumu lenye nafasi ya tarehe, jina la mahali, mchoro na aya chache za maelezo, na sharti moja ambalo mwalimu asilipunguze: kila ukurasa uandikwe na mtoto wa mahali palipotembelewa, kwa maneno yake.

Walimu wa shule za msingi za Wilaya ya Nyasa na Mbinga wanaombwa kulijaribu jambo hili katika muhula ujao, wakianza na shule mbili tu zilizokubaliana, na wazazi wanaombwa kuwasimulia watoto habari za Pomonda, za ngoro na za meli ya mwaka 1914 ili daftari lisikose la kuandikwa. Na mgeni yeyote anayemleta dubu wake Tanzania anakaribishwa Mbamba Bay, kwa masharti kwamba amkabidhi kwa darasa la watoto walau siku moja, na kwamba atakachokisoma nyumbani kwao kiwe kimeandikwa na watoto hao.